Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli, Tuzo na Ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watafiti wa biolojia,

Shughuli za mwaka mnazijua, maana mlikuwepo, au tuseme baadhi yenu mlikuwepo. Semina nne, ziara ya mashamba ya mtama Hombolo, ziara ya ng'ombe Mpwapwa. Semina ya tatu, ya kuchambua vinasaba kwa kompyuta, ilihudhuriwa na watu 7, tukihesabiwa mimi, katibu na mtoa mada. Chai iliagizwa ya watu 40. Maandazi waligawiwa walinzi.

Sasa tuzo.

Kwa miaka yote tuzo ya mtafiti bora tumempa mwenye fahirisi ya h, yaani namba inayopima machapisho ya mtafiti na manukuu yake, kubwa kuliko wenzake. Mwaka huu Kamati iliweka kigezo hicho kando, tuzo akapewa mwenzetu wa mtama mwenye h ya 6, na mwenye 21 akatoka mikono mitupu. Nimesikia tunaitwa waamuzi wanaobadili sheria mpira ukiwa uwanjani. Pendekezo lilikuwa langu, sikatai.

Fahirisi hiyo aliibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, naye ni mwanafizikia, si mtu wa mbegu. Ukiwa na machapisho 10 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Basi. Haiulizi mkono wako ulifanya nini humo. Makala ya jenomu, yaani vinasaba vyote, ya binadamu iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2001 ina waandishi zaidi ya 200, na kila mmoja huhesabiwa manukuu yote kana kwamba aliandika peke yake. Hirsch mwenyewe alionyesha kuwa fani hazilingani: kinara wake wa fizikia, Edward Witten, alikuwa na 110, na wa sayansi za uhai, Solomon Snyder, 191. Hata humu ndani ya biolojia, anayeandika kuhusu saratani husomwa dunia nzima. Wa mtama wa Kongwa atanukuliwa na nani? Mkulima akipanda Macia, mbegu ya mtama, haandiki rejea. Anavuna.

Na Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi, je? Makala yake ya njegere ilichapishwa 1866, yeye akafa 1884, na ni 1900 ndipo wengine walipoifukua. Kwa kanuni yetu ya zamani angerudishiwa fomu.

Kuna jambo sikutaka kulisema, ila nimesukumwa. Nilikesha siku mbili nikipitia kurasa za waombaji kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma na kuhesabu manukuu, kwa bando langu mwenyewe. Mwombaji mmoja alikuwa amehesabiwa makala 11 za daktari wa meno wa ng'ambo wanayefanana majina. Simtuhumu, mtambo huokota majina wenyewe. Lakini ukiziondoa, ile 21 inashuka hadi 14. Najua, 14 bado ni zaidi ya 6. Ninachosema ni kwamba namba mliyokuwa mkiiapia hakuna aliyewahi kuikagua kabla yangu.

Lililobaki ni kwamba kigezo kilibadilishwa fomu zikiwa zimesharudi. Hilo nalikubali, ingawa katiba yetu inaipa Kamati mamlaka ya kuweka vigezo, wala haisemi iviweke lini.

Ada. Wanachama 86, waliolipa 31, waliolipa nusu 8, walioahidi "mwisho wa mwezi" sikuwahesabu. Barua za kupinga tuzo zilikuja 9, na kati ya waandishi wake waliolipa ada ni 2. Orodha anayo mweka hazina, haitasomwa leo. Tuzo yenyewe, shilingi 500,000, imetoka kwenye ada za hao 31, na palipopungua niliongezea mimi, jambo ambalo hakuna barua iliyolitaja. Hata leo tumeanza saa mbili nyuma ya muda tukingoja akidi, na waliokuwa wakali zaidi kwenye kundi la WhatsApp siwaoni ukumbini.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaunda kamati ndogo ya vigezo, tutaangalia uwezekano wa kuwa na jarida letu, na pengine chumba cha ofisi hapa mjini. Mazungumzo yanaendelea.

Wanaotaka kuingia kamati ndogo wajiandikishe kwa katibu. Ada inapokelewa meza hiyo hiyo.

Mwenyekiti