Kuosha gari Goma bila kumaliza makuta (pesa)

Bwana Mhariri,

Naomba niseme kitu juu ya hawa vijana wanaotuoshea magari hapa Goma, maana kazi yao ni nzuri ila sabuni ya unga ya kufulia ndiyo inatuharibia rangi, ile ina nguvu sana, inatoa mafuta ya ngozi ya mikono na inatoa hata nta yote inayokinga rangi ya gari, kisha jua linapiga rangi wazi wazi na baada ya muda inafifia. Shampuu ya gari kopo moja inaonekana bei kali lakini unaweka kidogo tu kwenye ndoo, inakaa muda mrefu.

Na hili vumbi letu la mawe ya volkano ya Nyiragongo si vumbi la kawaida jamani! Ni chembe ngumu zenye makali, ukipangusa gari likiwa kavu unalikwaruza mwenyewe, ukiangalia juani utaona mistari midogo midogo ya duara mlango mzima. Kwanza mwagia maji mengi, ndio usugue, na uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, hiyo haiongezi hata franka.

Kitambaa cha mikrofaiba, kile cha nyuzi laini sana, kinashinda tisheti ya zamani. Polishi ya bei ya chini inafaa, paka nyembamba, kivulini, bodi ikiwa baridi. Matairi msipake mazutu (dizeli), maana mazutu yanakula mpira.

Msomaji wenu, Himbi, Goma