Kabla hujasema umepigwa: Mac, gemu, na swali tunalokuuliza dukani

Jumamosi moja, saa ya watu wengi, mama mmoja aliingia dukani kwetu Kariakoo, akaweka MacBook Air juu ya kaunta na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kibarazani: "Wanangu, mmenipiga." Mwanawe, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, alisimama nyuma yake ameinamia simu. Mashine tuliijua, tuliiuza sisi wiki tatu kabla: chipu ya M1 ya Apple wenyewe, ramu ya GB 8, diski ya GB 256, betri asilimia 91, haina hata mkwaruzo. Iliwaka, ilishika intaneti, kila kitu kilifunguka. Kilichowarudisha ni gemu ya mpira. EA SPORTS FC haikuingia, na fundi mmoja wa mtaani kwao alishamwambia mama kwamba ameuziwa Mac "isiyo na grafiki".

Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kusema kweli iliniuma. Siku ya kununua aliniambia mashine ni ya masomo, na kwa masomo nilimpa kitu kizuri kwa bei ya haki. Lakini kijana sikumuuliza, na yeye hakusema. Malalamiko ya namna hii yanaturudia karibu kila mwezi, ndiyo maana nimekaa niyaandike kwa kirefu.

MacBook ile ina grafiki, tena inazishinda laptopu nyingi za Windows za ofisini ambazo hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Nguvu ipo. Kinachokosekana ni gemu yenyewe. Gemu nyingi kubwa za kompyuta zinaongea na grafiki kupitia DirectX, ambayo ni ya Microsoft. Mac ina njia yake inayoitwa Metal, iliyoletwa mwaka 2015. Njia ya zamani ya OpenGL Apple walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaiacha, na Vulkan, njia nyingine ya aina hiyo, hawajaipokea. Oktoba 2019 likaja toleo la mfumo wa Mac liitwalo Catalina, likazizima programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na watu wakaamka asubuhi wanakuta gemu walizolipia kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, hazifunguki tena. Mwaka 2020 Apple wakaanza kuachana na chipu za Intel. Kila hatua iliwalazimu watengenezaji gemu kufanya kazi upya, na wao hupiga hesabu kama mimi na wewe. Valve, wenye Steam, walipotoa gemu ya Counter-Strike 2 mwaka 2023 waliiacha Mac nje, wakaeleza kwamba wachezaji wa Mac, hata wakijumlishwa na wale wa kompyuta za zamani sana, hawakufika asilimia moja ya wachezaji.

Kwa hiyo mteja akiniuliza "Mac inacheza gemu?" namrudishia swali: gemu gani? Wengine hukasirika, wanaona nakwepa. Akitaja FC, GTA V, Warzone, Valorant au PUBG ya kompyuta, namwambia hapo hapo asinunue Mac, na mara nyingi ninakuwa nimeipoteza biashara ya siku hiyo. Akitaja Football Manager, Minecraft, Roblox, The Sims 4, Dota 2, League of Legends au World of Warcraft, tunaendelea kuzungumza. Na miaka ya karibuni zimekuja nzito za kweli: Resident Evil Village mwaka 2022, Baldur's Gate 3 mwaka 2023, Death Stranding mwaka 2024, Assassin's Creed Shadows na Cyberpunk 2077 mwaka 2025. Anayesema Mac haichezi gemu kabisa amepitwa na wakati. Ila hii Cyberpunk inaanzia ramu ya GB 16, na Baldur's Gate 3 inadai GB 150 za diski. Mashine ya yule kijana, GB 8 kwa 256, ingekwama hata kwa gemu zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo mawinga, wale madalali wa mtaani, wanapowaumiza watu. "Chukua hii ya nane, bosi, ramu utaongeza mbele ya safari." Kwenye M1 na zilizofuata, ramu imekaa pamoja na chipu kuu, na diski ya MacBook hizo imechomelewa kwenye madabodi. Hakuna tundu la kuchomekea nyingine. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Tofauti ya bei kati ya GB 8 na GB 16 inauma siku moja tu, na bado wateja wanabishana na mimi juu ya tofauti hiyo mpaka jioni.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni Mac ya zamani ya Intel iliyopigwa, yaani kuwekewa, Windows. Boot Camp, programu ya Apple ya kazi hiyo, ipo tangu mwaka 2006, na kwenye Mac za Intel inafanya kazi. Za M1 kwenda mbele haimo. Kaka mmoja wa Tabata alinunua MacBook Pro ya mwaka 2015, ile ya inchi 13, akapigiwa Windows 10 mahali pengine, akafurahi kwa sababu GTA V ilifunguka. Ilikuwa kwenye picha ya chini kabisa, na feni ikinguruma tangu mwanzo. Mwezi wa pili akaja kwetu betri imevimba, kipedi cha kugusa hakibonyezeki. Tukabadilisha betri. Akarudi anataka Valorant. Akawekewa Windows 11 kwa kulazimisha, tena si na sisi, Valorant ikamkatalia kwa sababu kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama wa kompyuta ambavyo mashine ile haina. Kurudi Windows 10 nako si salama, maana Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Nilikaa naye tukajumlisha risiti zake zote, mashine, betri, kupiga Windows mara mbili. Pesa ile ingemnunulia laptopu ya Windows ya mtumba yenye kadi ya grafiki ya GTX 1650, na hadithi ingeishia hapo.

Kuna wanaotumia programu za kutafsiri, kama CrossOver, ambayo inaifanya Mac iielewe gemu ya Windows bila Windows yenyewe. Mwaka 2023 Apple wenyewe walitoa Game Porting Toolkit ili watengenezaji wajaribu gemu zao. Mimi CrossOver naipenda na namfundisha mteja kuitumia, kwa gemu za kucheza peke yako. Ina siku 14 za majaribio bure, zinatosha kujua kama gemu yako inakubali. Za mtandaoni zenye programu ya kunasa wadanganyifu iliyozama ndani ya Windows, hizo usijisumbue. GTA Online tangu Septemba 2024 ina BattlEye, programu ya namna hiyo, na tafsiri haipiti hapo. FC ni vilevile. Halafu wapo wanaokataa kulipia CrossOver wakashusha ya kukraki. Dada mmoja mwenye duka la nguo la Instagram alikopesha Mac yake kwa mdogo wake wikiendi moja tu. Ile programu ya kukraki ilimwambia abandike mstari mmoja kwenye Terminal, dirisha la kuipa Mac amri, kisha aandike nywila ya kompyuta, naye akaandika. Jumatatu akaunti ya duka ilikuwa na mtu mwingine. Tulisafisha mashine, tukaipanga upya kuanzia mwanzo, lakini wateja wake wa miaka hatukuweza kumrudishia.

Nije kwenye joto, maana hapa Dar ndilo linaloleta kazi nyingi mezani kwangu. MacBook Air za M1 na zilizofuata hazina feni. Gemu nzito inaanza vizuri, unafurahi, kisha baada ya robo saa hivi, chumba kikiwa na joto la mchana, chipu inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Picha inaanza kukatakata. Mteja anasema mashine imeharibika, kumbe inajilinda, ndivyo ilivyotengenezwa. Tunaweza kuweka vipande laini vya kupitisha joto kati ya chipu na mfuniko wa chini; inasaidia kweli, ila mfuniko unakuwa wa moto na huwezi kuipakata tena. Tunamwambia mteja hivyo kabla ya kufungua skurubu hata moja.

Kijana mmoja wa Sinza alitafuta dawa yake mwenyewe. Alikuwa anachukua mifuko ya barafu kwenye friza, anaizungushia kanga, anaiweka chini ya Air, anacheza usiku kucha. Akaniambia ilifanya kazi miezi miwili. Siku moja haikuwaka. Nilipofungua mfuniko nilikuta ubaridi wa chini na unyevu wa hewa yetu ya pwani vimetoa jasho kwa ndani. Vile vibandiko vidogo vyeupe vya kuonyesha maji vilikuwa vimegeuka vyekundu, na kwenye soketi ya waya wa kioo kulikuwa na ukungu wa kijani, pini mbili zimelika mpaka zimebaki kama nywele. Nilimwita aangalie kwenye darubini mwenyewe, sikutaka aondoke akidhani namtungia. Nilisafisha bodi, nikabadilisha soketi, nikarudisha njia moja iliyokatika kwa waya mwembamba kuliko uzi. Kazi ya siku mbili. Ikawaka. Alilipa 280,000 na alinung'unika, na mimi sikupunguza. Mteja haoni kichwa kilichoinama masaa yale, anaona tu kwamba mashine imerudi vilevile ilivyokuwa.

Jambo jingine ni feni kupulizwa kwa kompresa ya matairi. Tafadhali msifanye. MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019, ya Intel, yenye kadi ya grafiki ya Radeon, ni mashine nzuri lakini inachemka, na vumbi letu likijaa inapiga kelele kama jenereta. Fundi wa kompresa anatoza 5,000. Hewa ile inatoka na maji na mafuta, na inazungusha feni kwa kasi ambayo beringi zake hazikuumbiwa. Nimeshaletewa tatu za namna hiyo, feni zinakwaruza, mbili zikahitaji kubadilishwa feni zote. Sisi tunatoza 70,000. Tunafungua skurubu za pembe tano, tunachomoa betri kwanza, tunatoa feni na kuzishika kwa kidole zisizunguke wakati wa kupiga brashi, tunainua bomba la joto, tunakwangua pesti ya zamani ya kupitisha joto ambayo mara nyingi imekauka kama chaki, tunafuta kwa spiriti safi, tunapaka mpya. Kisha mashine haitoki. Inacheza gemu nusu saa mbele yetu huku tukisoma joto, na namba za kabla na baada tunaziandika nyuma ya risiti.

Nusu saa hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye ile 20,000 ya kukagua Mac kabla hujainunua kwa mtu, ambayo wengi wanailalamikia. Wanasema, "Si kuiwasha tu?" Mwezi mmoja uliopita kaka mmoja aliiona 20,000 nyingi, akaichukua MacBook Pro ya M1 kwa mtu aliyekutana naye njiani. Alipoifuta ili aanze upya, ikamletea ukurasa wa Remote Management: mashine ya taasisi fulani ya nje, bado imeandikishwa kwao. Aliniletea nimfungulie. Kazi hiyo hatufanyi, na nilimwambia atafute aliyemuuzia. Hakumpata.

Usipotaka kulipa, kuna ukaguzi unaoweza kuufanya mwenyewe kwa bando dogo. Fungua ukurasa wa gemu yako kwenye Steam. Karibu na bei kuna alama ya Windows. Kama pembeni yake ipo na alama ya tofaa, gemu ipo ya Mac. Shuka chini kwenye mahitaji ya mfumo, bonyeza macOS, soma ramu na chipu wanazotaka. Wakiandika Intel peke yake, au mwaka wa gemu ni wa kabla ya 2019, njoo tuongee kwanza, kwa sababu inaweza kuwa ya biti 32. Na tofaa lisipokuwepo, hakuna winga atakayeliweka.

Yule mama? Tulimpa uhuru wa kurudisha mashine, tumchangie kwenye laptopu ya Windows yenye kadi ya grafiki. Kijana mwenyewe ndiye aliyekataa, akasema Mac inamfaa kwa michoro ya darasani na chaji inakaa siku nzima. Mwisho mama alichukua PS4 ya mtumba yenye pedi mbili kwa jirani yetu, kwa bei ya chini sana kuliko laptopu ya gemu, na mpira unachezwa sebuleni. Tangu siku ile risiti zetu zina mstari mpya unaosema "Gemu alizotaja mteja", nasi tunaujaza kabla ya kupokea hela. Ukija kununua, njoo na atakayeitumia mashine.

Ukaguzi na majaribio ya gemu ni Jumatatu hadi Ijumaa, tukipokea mashine kabla ya saa tisa alasiri. Jumamosi hatupokei, maana nusu saa ya majaribio hatuwezi kuifupisha.