Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya kushusha kinga, itafutwe saratani

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimepita ngazi zote za hospitali, kila ngazi naambiwa nisubiri. Wiki iliyopita baba yangu alipigwa picha ya CT na kukutwa na saratani ya pafu iliyokwisha kusambaa. Siwezi kusubiri tena.

Baba alianza kuvimba miguu. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Kwanza tuliambiwa ni chumvi, baadaye ni presha. Figo zilipopimwa zikakutwa zinavujisha protini, akaandikiwa prednisoloni, kisha dawa nyingine ya kushusha kinga ya mwili. Faili lake linasema wazi kwamba ni dereva wa malori aliyevuta sigara tangu ujana. Hakuna aliyeagiza hata eksirei ya kifua.

Mheshimiwa, jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu watu wazima 101 wenye figo zinazovuja hivi. 11 kati yao walikuwa na saratani. Uvimbe wa saratani humwaga chembe zake kwenye damu, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nazo, na mapambano hayo huishia kuharibu vichujio vya figo. Tangu ugunduzi wa mwaka 2009 kuna kipimo cha damu cha kingamwili ya PLA2R, ambayo huonekana kwa wengi ambao figo zao hazikuharibiwa na saratani. Isipoonekana, daktari ana sababu zaidi ya kutafuta saratani. Mgonjwa wa aina hii tiba yake ni kushughulikia uvimbe wenyewe, na ukitibika mara nyingi protini hupungua. Baba yeye alishushiwa kinga huku saratani ikiendelea kukua.

Nadhani kliniki ya figo na ya saratani hazizungumzi. Pengine pia daktari anaona huruma kuagiza CT kwa mtu asiye na bima. Sisi tuliuza shamba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na tuliahidiwa kwamba hakuna atakayekosa kipimo kwa sababu ya umaskini. Ahadi hiyo tunaikumbuka, Mheshimiwa. Tunaikumbuka kila tunapofika dirisha la malipo.

Ninaomba waraka. Uende kila hospitali ya wilaya na mkoa, useme kwamba mtu mzima anayevujisha protini, hasa mwenye umri mkubwa au mvutaji wa sigara, achunguzwe saratani kabla ya kuanzishiwa dawa za kushusha kinga. Vipimo hivyo vilipiwe. Daktari aliye peke yake wilayani awe na karatasi ya kumwongoza.

Baba yangu waraka hautamsaidia tena. Yupo mzee mwingine leo anayeambiwa apunguze chumvi. Toa waraka huo, Mheshimiwa, na uwe na tarehe ya kuanza kutumika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mgonjwa, Morogoro