POP imetoka sawa, ila magongo usirudishe kwanza

Jamani wateja wetu tuongee kidogo. Hapa dukani Mtwara mjini tunakodisha magongo, na msimu wa korosho ukifika hela inakuwepo mtaani, bodaboda zinakimbizana, watu wanavunjika miguu, sisi ndo tunapata kazi, sio jambo la kufurahia ila ndo ukweli. Shida yetu ni hii: mtu katolewa POP (ile plasta ngumu ya kushika mguu uliovunjika) asubuhi, mchana kashafika dukani anataka depoziti yake, eti mfupa umeunga.

Umeunga ndio, ila haujakomaa.

Siku ukinywa supu angalia mfupa pale panga la bucha lilipopita, nje kuna ganda gumu limeshikana, ndani matundu matundu, na katikati uloto. Wako uko hivyohivyo. Ugumu unatokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, lakini ndani yake kuna nyuzi za protini, kolajeni, zinazoufanya uhimili misukosuko. Kama unabisha loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki siku kadhaa, madini yanatoka halafu unaupinda kwa vidole.

Sasa ukivunjika, kwanza damu inaganda pale, halafu ndani ya wiki 2 au 3 inaota gegedu laini kushika ncha mbili, kisha madini yanaanza kuingia mpaka panakuwa na kinundu kigumu, kwa mguu wa mtu mzima hiyo ni kama wiki 6 hadi 12 na wengine zaidi (watoto wanawahi sana, wavuta sigara wanachelewa). Kinundu hicho ndo dokta anakiona kwenye eksirei. Ila kimejengwa harakaharaka, kwa hiyo baada ya hapo seli za kula mfupa zinapunguza na seli za kujenga zinapanga upya, miezi mingi, hata miaka. Na wala sio kwa majeruhi tu, mtu mzima kila mwaka kama asilimia 10 ya mifupa yake inabadilishwa hivyo.

Hizo seli zinafuata mzigo, mguu ukilazwa tu mfupa unapungua, kwa hiyo hatusemi ukae kitandani. Kanyaga kidogokidogo kadri dokta au mtu wa mazoezi alivyokwambia, magongo mawili, baadae moja, na hilo moja shika mkono wa upande wa mguu MZIMA, wengi wanakosea hapo. Dagaa kula na miba yake, kunde, mtindi ukipata, na jua upate vitamini D.

Anayeongeza muda baada ya POP kutoka tunamkatia nusu bei. Mpira wa chini wa gongo ukilika njoo tukubadilishie bure, usiende nao bafuni kwenye tailizi zenye maji.