"Hii siyo ile ya zamani": kwa wateja wetu wa wiski

Wiki iliyopita tena. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, mteja wetu tangu tunafungua hii grosari, kaingia na chupa ya Johnnie Walker Gold Label imebaki kama robo tatu hivi, akaiweka kaunta taratibu kama mtu anayerudisha posa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu hapohapo bila hata kukaa, "kijana, na nyie mmeanza kuchakachua?"

Wadau, neno kuchakachua kwenye biashara ya vinywaji ni msala. Kijana wa dukani kakaa kimya, na kulikuwa na wateja wengine wawili wanasikiliza. Nikaichukua ile chupa, nikaangalia stempu ya TRA, iko sawa. Nikanusa, nikafungua nyingine kutoka kwenye katoni ileile nikamimina vidogo viwili tukaonja wote, ni kitu kilekile. Ndo nikamuuliza, mzee wangu, ile ya zamani unayoisema ilikuwaje? Akasema ilikuwa tamu ya asali, laini, na kwenye lebo imeandikwa 18.

Hapo ndo penyewe. Gold Label ya zamani ilikuwa na namba 18 kwenye lebo, yaani miaka 18. Hii ya sasa inaitwa Gold Label Reserve na ukiizungusha chupa nzima hutaona umri popote. Jina wameliacha, rangi ya dhahabu wameiacha, kilichomo ndani ni mchanganyiko mwingine kabisa. Kampuni hiyohiyo inayo ya miaka 18 ila inauzwa kivyake, lebo nyingine, bei nyingine. Mzee hakukosea, ulimi wake uko sawa, ila na sisi hatujachakachua.

Nimeona niandike hii maana malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi kweli, na majibu hayafanani. Kuna wakati wiski yenyewe imebadilika, kuna wakati chupa yako umeiua mwenyewe nyumbani, na kuna wakati umeuziwa feki huko ulikonunua.

Tuanze na hiyo namba kwenye lebo. Sheria ya wiski ya Scotland inasema lazima ikae kwenye pipa la mwaloni, hukohuko Scotland, isiyopungua miaka 3, na ikiingia kwenye chupa kilevi kisiwe chini ya asilimia 40. Ikiandikwa 12 maana yake tone lenye umri mdogo kuliko yote humo ndani lina miaka 12. Siyo wastani, ni yule mdogo kabisa. Kwa hiyo kwenye Black Label yako wanaweza kuwa wamechanganya na ya miaka 15 au 20 na bado lebo ikasoma 12, hakuna anayewakataza kukupa zaidi. Na hapo ndo nadhani wazee wetu wana hoja. Miaka ya 80 Scotland walikuwa na wiski nyingi kuliko wanywaji, mapipa yamejaa maghalani, mpaka mwaka 1983 viwanda vingi vikafungwa kwa mkupuo, ikiwemo Port Ellen kule kisiwa cha Islay na Brora kule kaskazini. Yale mapipa yasiyouzika hayakumwagwa, yaliendelea kuzeeka, na wachanganyaji wakawa na akiba ya wazee wengi, yaani wiski kongwe, wa kuwatumia. Aliyekunywa ya 12 miaka ya 90 inawezekana alikuwa anapata vitu vikubwa kuliko alivyolipia bila kujua.

Leo mambo yamegeuka. Dunia nzima inataka wiski, na wiski ya miaka 12 huwezi kuamua kuipika mwezi huu iwe tayari kwa Krismasi, unayonunua leo ilimiminwa pipani miaka 12 iliyopita au zaidi, na kila mwaka pipa linakaa kule kama asilimia 2 inapotelea hewani, wenyewe wanasema ni fungu la malaika. Mwenye kiwanda akiishiwa wazee afanyeje? Anafuta namba kwenye lebo, anaweka jina zuri. Macallan walianza kufanya hivyo 2012, wakaleta Gold, Amber, Sienna na Ruby, hakuna umri hata mmoja. Glenlivet wakaleta Founder's Reserve mwaka 2015, na kuna masoko iliingia ikaikalia kiti ile ya 12. Wajapani ndo usiseme, Nikka walizikata nyingi za umri 2015, Hibiki 17 na Hakushu 12 za wenzao Suntory zikasimamishwa 2018, na wateja wetu wanaokwenda Dubai wakirudi wananiambia bei za Hibiki wanazozikuta huko nabaki kucheka tu.

Mimi sisemi wiski isiyo na umri ni mbaya, hapana. Ardbeg Uigeadail haina umri na mwenye kupenda ladha ya moshi nikimwekea hiyo hahitaji mahubiri. Kinachonikera ni pale namba inaondoka, halafu bei inabaki palepale au inapanda, halafu wanakwambia eti ni kwa ajili ya ladha.

Sasa asilimia, hii watu hawaiangalii kabisa na mimi naona ndo inachanganya wengi hapa kwetu. Jack Daniel's zamani ilikuwa 45, mwaka 1987 wakashusha 43, miaka ya mwanzoni mwa 2000 wakashusha 40. Kila wakishusha jua maji yameongezeka. Piga hesabu, chupa 100 za asilimia 43 ukiziongezea maji zifike 40 unapata chupa 107 na chenji, yaani saba umezipata kwenye bomba. Maker's Mark wao walijaribu mwaka 2013 kutoka 45 kwenda 42, wanywaji wakawajia juu, haikupita hata wiki mbili wakarudisha 45. Kwa hiyo kelele zinasaidia, msidhani mnalalamika bure.

Lakini kuna kitu kingine ambacho ni chetu huku. Afrika Kusini sheria yao inataka wiski isiwe chini ya asilimia 43. Kwa hiyo Jameson, Jack au Black Label iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la kule ni 43, na ileile ya Ulaya ni 40. Mizigo inatembea jamani, mtu katoka Johannesburg na zawadi, kaipenda, kaja kununua kwangu, kaikuta ina 40, anasema yangu nyepesi. Ndiyo nyepesi! Siyo feki, ni 40. Na ukubwa nao uangalie, Ulaya wanajaza 700, Afrika Kusini 750, ya eapoti mara nyingi ni lita nzima. Kati ya 700 na 750 kuna kama toti mbili, kwa hiyo ukisema duka la jirani ni rahisi kuliko kwangu nitakuomba kwanza unisomee chini ya lebo.

Mapipa nayo yana habari yake. Ladha kubwa ya wiski inatoka kwenye mbao. Wale wa Kentucky sheria inawataka watumie pipa jipya lililochomwa ndani, wakimaliza wanaliuza, na Scotland ndo wanunuzi wakubwa. Ila zile wiski nyeusi nyeusi zenye harufu ya zabibu kavu, kama GlenDronach, zinatoka mapipa ya sheri, mvinyo wa Hispania. Zamani sheri ilisafirishwa Uingereza ikiwa ndani ya mapipa, ikishamiminwa kwenye chupa pipa tupu linabaki hukohuko Waskoti wanalipata kwa urahisi. Miaka ya 80 Wahispania wakataka sheri ijazwe kwenye chupa kwao, basi yale mapipa ya bwerere yakaisha. Siku hizi pipa linatengenezwa makusudi, linamwagiwa sheri likae muda, halafu ndo linapelekwa Scotland. Ni gharama, na wazee wa wiski wanasema ladha siyo ileile. Mimi ya miaka hiyo nimeonja mara moja tu kwa ukarimu wa mteja, sitajifanya mtaalamu, ila nilikaa kimya muda mrefu baada ya hapo.

Haya, tuje kwenye kabati la sebuleni. Wengine mtanisamehe. Mtu ananunua Glenfiddich 15, anaifungua siku ya send-off ya binti, inanyweka nusu, nusu iliyobaki inawekwa kwenye kabati la vioo karibu na TV, taa inawaka, jua la saa kumi linapiga dirishani, inakaa hapo miaka mitatu inasubiri mgeni wa heshima. Mgeni kaja, imemiminwa, imekuwa kama chai iliyolala. Lawama kwa nani? Kwa mimi. Jamani wiski haizeeki ndani ya chupa, ya 15 ukiificha miaka 10 inabaki ya 15, lakini ikishafunguliwa hewa inaanza kula harufu, na kadiri chupa inavyobaki tupu ndo inaliwa haraka, na kwa joto la Dar es Salaam ndo kabisa. Ikifika robo imalize, alika watu, au ihamishie kwenye chupa ndogo ijae mpaka shingoni. Iweke gizani, na isimame wima usiilaze kama mvinyo, maana kilevi kikali kinaozesha kizibo halafu unakunywa vipande.

Na ulimi wenyewe. Umekula kitimoto na pilipili ya kutosha, ndizi, sigara mbili, halafu unafungua Lagavulin 16 uliyojinyima miezi unasema mbona sisikii kitu. Utasikiaje? Onja kabla ya kula, bila barafu kwanza, tone la maji siyo vibaya. Baada ya hapo changanya hata na soda, ni hela yako, sisi hatuchungulii glasi ya mtu.

Feki sasa. Hili sipendi kulizungumza ila lazima. Miaka kadhaa nyuma mimi mwenyewe nilipigwa. Msambazaji mmoja aliniletea katoni mbili bei nzuri kuliko kawaida, nikaona bahati, nikapanga shelfu. Mteja wa tatu ndo karudi, kifuniko kinazunguka bure hakishiki. Nikazitoa zote, waliokuwa wamenunua nikawarudishia hela, hasara nikaimeza mwenyewe maana risiti sikuwa nayo, nilikuwa nimelipa mkononi kama mjinga. Tangu siku hiyo sinunui mzigo bila risiti hata aje ndugu yangu.

Kwa hiyo hata ukinunua kwingine fanya hivi, pakua programu ya Hakiki Stempu ya TRA kwenye simu, elekeza kamera kwenye ile stempu ya chupa ikusomee ni kinywaji gani. Ikisoma kitu tofauti na ulichoshika, rudisha. Angalia kifuniko kiwe hakijakatwa, kiwango cha wiski kwenye shingo za chupa mbili za pamoja kilingane, lebo isiwe imepinda kama imebandikwa na mtu ana haraka. Na chupa tupu za bei mbaya usimpe muuza chupa ikiwa nzima na kifuniko chake, chana lebo kwanza, kwa sababu hizohizo ndo zinajazwa tena. Bei ikiwa chini mno jiulize mwenzako anapata faida wapi. Humo ndani kunaweza kuwa na spiriti ya viwandani, na hiyo ladha kubadilika ndo shida ndogo kuliko zote, watu wamepoteza macho.

Kutokana na haya yote tumebadilisha vitu vitatu vinne dukani. Kuanzia mwezi huu kila aina ya wiski inayozidi laki moja tunafungua chupa moja ya kuonja, unapata kidogo bure kabla hujalipa, maana sitaki mtu anunue jina halafu aje kukasirikia kilichomo. Kwenye kibandiko cha bei tumeandika asilimia, ujazo, na umri, kama haina umri tumeandika wazi HAINA UMRI. Na chupa yoyote uliyonunua kwetu ukiitilia shaka ilete na risiti hata kama umeshaifungua, tutaonja mbele yako pembeni ya nyingine ya mzigo uleule, ikiwa na tatizo hela yako inarudi. Ile ya kabatini miaka mitatu hiyo hapana, tutakupa pole tu.

Mzee wa Gold Label, kwa wanaouliza, alionja Green Label nikamweleza hiyo ina miaka 15 na asilimia 43, na ni malti tupu, yaani ya shayiri iliyooteshwa, haina wiski ya nafaka nyingine. Akaizungusha mdomoni, akauliza bei, akaguna. Kasema atarudi pensheni ikiingia. Ile Gold yake aliondoka nayo kwapani, kasema atawapa wakwe.

Wiki hii zilizofunguliwa za kuonja ni Green Label, Talisker 10, Singleton 12 na Jameson mbili, ya 40 na ya 43, uzionje pamoja uone mwenyewe hiyo asilimia 3 inafanya nini. Kuonja ni kuanzia saa kumi jioni, wa miaka 18 kwenda juu tu, na ukija na gari usionje hapo, nitakuwekea yako kwenye kichupa ukaonjee nyumbani.