Kwa nini uso uliobandikwa hujulikana, na picha gani utuletee

Msimu wa harusi ukishapita, kazi inayoingia kwa wingi studio kwetu ni ya mtu aliyekosekana. Picha ya familia imetoka vizuri, maharusi katikati, wazee wamekaa mbele, lakini baba wa bibi harusi alishafariki, au kaka mkubwa yuko Muscat na hakupata ruhusa kazini. Mteja anatoa picha ya pasipoti kwenye bahasha na kuuliza kama tunaweza kumweka mzee pale pembeni ya mama. Wengine wameshajaribu wenyewe kwa programu ya simu. Wamekata uso kwa uangalifu, masikio yamebaki mazima, pembeni pamelainishwa, na bado kila anayeiona picha anasema hapo hapo kwamba huyu amebandikwa.

Karibu kila mteja hulaumu ukingo: "Laini kidogo pembeni, itakaa sawa." Ukweli ni kwamba ukingo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uso unawekwa kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake juu ya picha, juu ya leya hiyo unawekwa maski, kifuniko kinachoamua sehemu gani ionekane na ipi ifichwe, kisha brashi laini inapitishwa taratibu kwenye taya na shingo hadi mpaka usionekane. Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, inafanya hivyo, na GIMP, ambayo ni ya bure, inafanya vilevile. Brashi ya kuponya ngozi iliingia Photoshop 7 mwaka 2002. Mwaka uliofuata watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, wakachapisha hesabu za kukifanya kipande kilichobandikwa kichukue rangi ya mahali kilipowekwa. Kwa hiyo mshono wenyewe una dawa kwa zaidi ya miaka 20. Fundi anaweza kushona kiraka kwa uzi mwembamba usioonekana kabisa, lakini kama kitambaa kilipauka kwa jua na kiraka ni kipya, mshono hautamsaidia.

Kinachomsaliti mtu aliyebandikwa ni mwanga.

Chukua ile picha ya pasipoti. Ilipigwa kwa flashi ya mbele, kwa hiyo uso umeangazwa sawasawa: chini ya pua hakuna kivuli, chini ya kidevu hakuna kivuli. Picha ya harusi ilipigwa bustanini saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande mmoja. Shavu la kulia la kila mtu linang'aa na la kushoto lina giza. Ukimsimamisha mzee wa flashi katikati yao, jicho la mtazamaji linakataa hata kama hawezi kusema kwa nini. Hapo ndipo saa zetu nyingi zinapokwenda. Tunatengeneza leya ya kupunguza mwanga, tunapaka kivuli kidogo kidogo upande wa shavu, chini ya nyusi, chini ya taya, na pale shingo inapoingia kwenye kola. Halafu tunamrushia kivuli chake kwenye bega la aliye jirani naye, jambo linalosahaulika sana.

Kumwongezea kivuli mtu asiyekuwa nacho kunawezekana. Kumwondolea alichonacho ni kugumu mno, hasa picha ya saa sita mchana ambapo macho yamezama gizani. Ndiyo maana picha ya pasipoti, pamoja na ubapa wake, mara nyingine inatufaa kuliko picha nzuri ya juani.

Kuna njia ya mkato ambayo sisi hatuitumii: kugeuza uso kushoto-kulia ili mwanga uelekee upande unaotakiwa. Nchini Marekani, katika karne ya 19, kichwa cha Abraham Lincoln kiliwekwa juu ya mwili wa mwanasiasa mwingine, John Calhoun, katika picha ya kuchapishwa. Kichwa kilikuwa kimegeuzwa, na baadaye baka lake la shavuni ndilo lililoumbua kazi hiyo, kwa sababu lilikuwa upande usio wake. Mjane hahitaji utafiti wa aina hiyo. Anajua kovu la mumewe lilikuwa nyusi ipi.

Baada ya mwanga inakuja rangi yake. Hupimwa kwa kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano zaidi: balbu ya zamani ya manjano iko kwenye kelvini 2,700 hivi, jua la mchana kama 5,500, na ukumbi wa siku hizi una taa za zambarau na buluu juu yake. Ngozi nyeusi inachukua rangi hizo hasa kwenye mng'ao wa paji la uso, mashavu na ncha ya pua. Ndiyo maana hatubadilishi rangi ya uso wote kwa mkupuo. Tunapima sehemu yenye mng'ao, sehemu ya kati na sehemu ya kivuli, kisha tunalinganisha kila moja na ngozi ya ndugu wa karibu aliye kwenye picha hiyo hiyo. Kile kitambaa cha buluu cha nyuma kwenye picha ya pasipoti nacho huacha buluu kwenye nywele na masikio, na lazima iondolewe. Tunaomba sana: usipitishe picha kwenye programu za kurembesha kabla ya kutuletea. Zinaweupisha uso, zinafuta mistari ya mzee, na shingo inabaki ya mtu mwingine.

Sasa picha gani utuletee. Leta zote ulizonazo, hata zile unazoziona mbaya, maana mara nyingi picha ya kundi ya msibani au ya kipaimara ndiyo inayotufaa kuliko selfi. Simu ikishikwa kwa mkono ulionyooshwa iko karibu mno na uso: pua inakua, masikio yanarudi nyuma. Picha ya familia ilipigwa mita kadhaa kutoka pale walipo, na umbali huo hatuwezi kuutengeneza kwa brashi.

Tena, tunapenda zaidi kumleta mtu mzima, na mabega yake na kanzu au suti yake, kuliko kuchukua kichwa na kukiweka juu ya mwili wa mtu mwingine. Namna mtu alivyosimama ni sehemu ya sura yake.

Kuhusu ukubwa, usikate tamaa mapema. Kuchapisha A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, lakini katika kundi la watu kumi waliosimama wima, uso mmoja ni sehemu ndogo sana ya hizo, na picha ndogo ya pasipoti iliyopitishwa vizuri kwenye skana inatosha. Ukitaka picha ya kifua ya fremu kubwa, hapo haitoshi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ukali.

Zipo kazi tunazozikataa, na tunasema hivyo mlangoni. Hatuweki uso kwenye kitambulisho, cheti wala leseni. Hatumsimamishi mtu na kiongozi ambaye hakuwahi kukutana naye. Hatuweki uso wa mtu aliye hai kwenye mwili au mahali popote bila yeye mwenyewe kuridhia, hata kama anayelipa ni mchumba wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo tungekataa, kwa sababu uso wa mtu ni wake.

Kuangalia picha zako na kukwambia kama kazi inawezekana ni bure. Zikiwa hazilingani tutakwambia usilipe, na tutapendekeza marehemu awekwe kwenye fremu yake ndogo pembeni ya picha ya familia, jambo ambalo familia nyingi hulipenda zaidi. Tukikubali kazi, tunachapisha kwanza nakala ndogo ya majaribio. Ipeleke nyumbani, umwonyeshe mama au shangazi bila kumwambia chochote, kisha turudishie alichosema kabla hatujachapisha kubwa.