Kwa mdogo wangu anayetaka njiwa weupe harusini

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimeziona picha ulizonitumia, maharusi wakifungua kikapu na njiwa weupe wakipaa. Ni nzuri, wala sikulaumu kwa kuzipenda. Lakini umeniuliza naonaje, na jambo hili limenikaa moyoni kiasi kwamba nakujibu hadharani, wasome na wengine wenye harusi mwaka huu.

Mwaka juzi nilialikwa harusi Malindi. Ndege waliletwa ndani ya boksi, wakaachiliwa karibu na magharibi. Mmoja alitua ukutani, hatua chache kutoka nilipokaa, mdomo wazi kwa joto. Kunguru walimfikia kabla bi harusi hajaketi. Mtoto mmoja akaanza kuokota manyoya meupe mchangani. Aliyewakodisha alikuwa ametuambia, "Watarudi kwao." Hawakuwa na kwao. Walikuwa tetere weupe waliozaliwa tunduni, na ndege huyo hajui kurudi wala kujitafutia chakula.

Anayejua kurudi ni njiwa manga, tena aliyefunzwa, akapelekwa mbali kidogo kidogo mpaka akaizoea njia. Huongozwa na jua na usumaku wa dunia, na giza likiingia hutafuta pa kulala. Sasa sherehe yako ya kupamba ni baada ya Isha! Hata ukiwaleta kutoka Mombasa, wapande basi, washuke Mokowe, wavushwe kwa boti mpaka Lamu, utawaambia warudi zaidi ya kilomita 200 usiku? Juu kuna kunguru, ambao waliletwa Unguja miaka ya 1890 wale taka na leo wameijaza pwani yote. Chini kuna paka wa Lamu, na hao sina haja ya kukueleza.

Najua utaniambia ni ishara. Ishara hiyo ni ya zamani kweli. Wagiriki wa kale walimfanya njiwa ndege wa Aphrodite, mungu wao wa mapenzi, na Warumi wakampa Venus wao. Ishara ya amani imetoka kwenye kisa cha Nuhu katika Biblia: njiwa alitolewa safinani, akakosa pa kutua, akarudi, akatolewa tena, akarudi jioni na jani la mzeituni mdomoni. Mimi hapo ndipo moyo wangu unaposimama. Habari njema ilijulikana kwa sababu alirudi, na alirudi kwa sababu kulikuwa na mkono wa kumpokea.

Wakubwa nao wameteleza. Seoul mwaka 1988, kwenye ufunguzi wa Olimpiki, njiwa walioachiliwa walitua kwenye bakuli la mwenge, moto ukawashwa, wengine wakaungua. Vatican mwaka 2014 njiwa wa amani waliorushwa dirishani kwa Papa walivamiwa papo hapo na shakwe na kunguru.

Kama ni ndoa unayotaka kuionyesha, mdogo wangu, mtazame njiwa akiwa nyumbani. Wale wa juu ya paa letu, jike huatamia usiku, na asubuhi jua likishapanda dume huja kumpokea mpaka alasiri. Mayai ni mawili, siku kama 18. Makinda yakitoka, baba na mama wote wawili hutoa maziwa kooni, meupe mazito kama jibini, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya wa mzazi na kunywa. Baba naye! Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimwita mama aje atazame, tukasimama pale hata chai ikapoa.

Pesa za ndege ziongeze kwenye asmini na vikuba vya maua vya kuwapa wageni. Na Ijumaa ukija kupakwa hina, panda juu kwanza kabla mikono haijashikwa. Kuna jike mweupe mwenye doa shingoni aliyeanza kuatamia Jumatatu. Nikihesabu, watoto wake watatoka wiki ya nikaha yako.

Dada yako